Mwongozo wa Kuanza Mradi wa Kompyuta Usioisha

Anza na jina. Programa asiyeijua fani huanza na kero: kuna kitu kinamsumbua, anakiandikia mistari 50 ya msimbo, kero inakwisha, anakwenda kulala. Huyo hana mradi, ana suluhisho tu. Wewe unayetaka kazi ya wikendi itakayorithiwa na wajukuu uanze na jina, tena la Kiswahili kizito: Nguzo, Kilele, Jahazi. Bila shaka hakuna Mswahili mwingine aliyewahi kufikiria kuita programu yake Jahazi, kwa hiyo tuchukue hilo, na uwahi kulipia anwani yake ya mtandao usiku huu huu. Kesho ni nembo. Rangi ya bluu ya nembo ijadiliwe kwenye kundi la WhatsApp na watu wasiopungua watano, na mmoja wao awe ndugu anayependelea kijani. Mtu akikuuliza Jahazi linafanya nini, mjibu kwamba ni jukwaa.

Historia imejaa watu waliovuruga utaratibu huu, na ni wajibu wangu kukuonya usiige tabia zao. Mwaka 1969 Ken Thompson, akiwa Bell Labs, alikuwa na mchezo wake wa kusafiri angani na mashine ya PDP-7 isiyokuwa na kazi kubwa. Alihangaika na mchezo, hangaiko likamwachia mfumo wa Unix. Guido van Rossum alitafuta cha kufanya wakati wa likizo ya Krismasi ya 1989, na leo watoto wa sekondari wanafundishwa Python. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, aliwatangazia wenzake Agosti 1991 kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha, si kitu kikubwa. Hata jina hakulichagua. Yeye alitaka uitwe Freax. Rafiki aliyesimamia seva ndiye aliyeandika Linux kwenye folda. Kijana huyo hakujifunza kitu, maana Aprili 2005, ulipozuka ugomvi kuhusu leseni ya chombo alichokuwa akitumia kutunza msimbo, alikaa siku chache akaandika chake, Git. Siku chache! Hapo hata rangi ya bluu haijakubaliwa.

Somo wa fani yetu ni mtu mwingine kabisa, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake kuhusu sanaa ya kuandika programu. Hakupendezwa na sura ya herufi zilizopangwa kwa mitambo mipya. Mwandishi wa kawaida angemlalamikia mchapishaji. Knuth aliweka kitabu pembeni ili kwanza aandike programu ya kupanga herufi vizuri, akidhani ni kazi ya muda mfupi. Programu hiyo, TeX, ilimla sehemu kubwa ya miaka 10 iliyofuata. Tangu hapo kila toleo jipya huongeza tarakimu moja ya pai: la mwaka 2021 ni 3.141592653, na kwa kuwa pai haina mwisho, mwenye akili ameelewa. Kitabu chenyewe alikianza mwaka 1962, kikakusudiwa kuwa na juzuu saba, na mwaka 2022 ilitoka sehemu ya pili ya juzuu ya nne. Ni kweli kwamba njiani aliwapa wanahisabati wa dunia nzima chombo wanachokitumia hadi leo. Doa hilo tumsamehe.

Sasa Jahazi linahitaji tatizo. Lililo bora ni lile ambalo tayari lina jibu, kwa sababu hakuna atakayekuharakisha. Mimi napendekeza kupima maji kwenye simtanki. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina tangi, kwa sababu maji ya bomba huja yanapotaka, na kipimo kipo tangu matangi yaanze: unagonga kwa kiganja kutoka juu kushuka chini, na pale sauti inapobadilika ndipo maji yanapoanzia. Kipimo hicho hakitumii umeme wala bando, na hakijawahi kuomba sasisho. Kwa hiyo kuna nafasi kubwa ya kukiboresha.

Nenda Kariakoo ukanunue kihisi kiitwacho HC-SR04, kile chenye macho mawili mfano wa bundi. Jicho moja hutoa mlio mwembamba wa kilohezi 40 usiosikika, la pili husubiri mwangwi. Ukijua muda mlio uliotumia kwenda na kurudi, zidisha kwa kasi ya sauti, gawanya kwa mbili, umepata umbali kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye maji. Kwa hesabu hiyo inatosha Arduino Uno yenye kilobaiti mbili za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Usiinunue. Nunua Raspberry Pi, kompyuta kamili iliyotolewa mwaka 2012 ili watoto wajifunzie programu, yenye mfumo wake wa uendeshaji, watumiaji wake, na uwezo wa kuonyesha filamu, ili isome namba moja kila baada ya dakika kumi.

Waya wa mwangwi wa kihisi hicho hurudisha volti 5, na pini za Raspberry Pi hazivumilii zaidi ya 3.3. Watu waoga huweka vizuizi viwili, cha kiloomu 1 na cha kiloomu 2, wakachukua umeme katikati yao, na mambo yakaisha. Wewe chomeka moja kwa moja. Pini ikiungua utakuwa na sababu ya heshima ya kurudi Kariakoo, na huko hakuna mtu aliyewahi kurudi na kitu kimoja.

Ukiwa njiani, fikiria joto. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, na kila nyuzi moja huongeza karibu mita 0.6. Ndani ya tangi jeusi la mwezi wa Februari, nyuzi 35 si ajabu, na hapo sauti inakimbia mita 352. Kwenye tangi lenye kina cha sentimita 150 kosa linafika sentimita nne hivi. Mtu mzembe angesema sentimita nne za maji si hoja. Mtu wa Jahazi anafunga kihisi cha joto, kisha cha unyevu, kisha anagundua kwamba mvuke umeanza kutia kutu yale macho mawili. Kuna kihisi kingine kisichoingia maji, chenye jicho moja, lakini hicho hakioni kitu kilicho karibu yake kwa sentimita 20 hivi. Kitakupa namba za uongo tangi likijaa, yaani wakati ule pekee ambao huna haja ya kupima.

Kihisi kikishafungwa, lazima aje mtu mzima wa familia. Tayarisha majibu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Hicho kidude juu ya tangi cha nini?"

"Kihisi, shangazi. Kinapima maji, kinapeleka kwenye seva, halafu unaona kwenye simu."

"Haya. Yamebaki kiasi gani?"

"Ngoja mtandao ushike."

Shangazi atalisogelea tangi na kuligonga mara mbili. "Robo," atasema, na kuondoka na ndoo yake. Usikate tamaa. Watangulizi wote walipitia dharau.

Tena hiyo seva iwe mbali. Namba itoke kwenye tangi, ivuke bahari hadi Ireland, ipumzike kwenye hifadhidata, kisha irudi sebuleni, mita nane kutoka ilikozaliwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Kuna watu wangepata wasiwasi juu ya benki na hospitali. Mwenye mradi kama wetu angekaa karibu na tangi lake lenye maji, asijue kama lina maji.

Hadi hapa mradi bado ni mdogo kwa kiwango cha hatari: unaweza ukaisha. Ila ukitazama vizuri utaona kwamba maji hayakupanda kwenye tangi yenyewe. Kuna pampu, pampu inakula umeme, na umeme ni LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia. Jahazi haliwezi kufumba macho.

Usifungue mita, hilo nasema bila utani, ni kosa na ni hatari. Lakini mita nyingi zina kitaa kidogo chekundu kinachokonyeza, na pembeni yake imeandikwa idadi ya makonyezo kwa uniti moja. Ikiwa ni 1000, kila konyezo ni wati-saa moja. Friji inayovuta wati 100 itakifanya kikonyeze kila baada ya sekunde 36. Bandika kihisi cha mwanga kwa gundi ya karatasi, hesabu makonyezo, umejua nyumba inakula kiasi gani bila kumgusa mtu wa shirika la umeme, TANESCO. Ni mradi mzuri kupita kiasi, wa jioni moja, na kwa sababu hiyo usiuache hivyo. Dai kwamba unataka kuelewa zile tarakimu 20 zenyewe unazoingiza kwenye mita ukinunua umeme.

Na hapo, nakiri, mada inanipendeza kuliko inavyofaa mwongozo wa kejeli. Tarakimu 20 za LUKU zinafuata kiwango cha STS kilichozaliwa Afrika Kusini, na ni biti 66, karibu zote zikiwa zimefichwa kwa ufunguo wa mita yako. Ndani yake kuna kiasi cha uniti, na kuna muda tokeni ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993. Mita hukumbuka muda huo ili usiingize tokeni ileile mara mbili. Waliobuni walitenga biti 24 kwa ajili ya dakika. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216, na ukizigawa kwa saa, siku na miaka unafika tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule uliambiwa uingize mafungu mawili ya tarakimu 20 kabla ya fungu la umeme wako. Wengi walilalamika mtaani kwamba ni njama ya kupandisha bei. Ilikuwa kisanduku kimejaa. Mtu alikaa miaka ya tisini, akaona miaka 31 ni mbali sana, na bibi yako akabonyeza tarakimu 60 gizani kwa mwanga wa simu.

Mfuate mtu huyo. Unapotenga nafasi ya kuhifadhi muda, chagua ndogo iwezekanavyo. Mifumo ya zamani ya Unix inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku ya Greenwich, wakati ambapo Dar es Salaam ilikuwa saa tisa usiku na watu wamelala. Wanaotumia biti 32 watajaza kisanduku chao tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, chai ikiwa jikoni. Sekunde inayofuata kompyuta hizo zitadhani ni mwaka 1901. Ikiwa Jahazi litakuwa bado linaandikwa mwaka huo, na sioni sababu lisiwe, tayari una kazi ya wikendi nyingine.

Muda una utamu mwingine. Shangazi akikubali kushika simu, atasoma kwamba maji yalipungua saa 13:40, na atauliza hiyo ni saa ngapi. Kugeuza ni mstari mmoja: chukua saa ya kizungu, jumlisha sita, gawanya kwa 12, shika baki, na baki likiwa sifuri andika 12. Kumi na tatu inakuwa saa saba. Kazi imekwisha, na kwa hiyo imeharibika. Iokoe kwa kuuliza: saa saba ya nini? Mchana au adhuhuri? Alasiri inaanzia wapi? Saa kumi na mbili na nusu ni jioni au magharibi imeingia? Hifadhidata ya CLDR ya shirika la Unicode imekwishagawa siku ya Kiswahili katika alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na simu yako inayo tayari. Usiiguse. Unda yako, iwe na vipindi kumi na moja, na uwaulize watu wa Pemba na wa Mwanza kwa mpigo. Baadaye ongeza swali la usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa mzee wa Pwani ni Ijumaa tayari na kwa seva ya Ireland bado ni Alhamisi.

Usisahau majira ya kale. Kwenye hifadhidata ya saa za dunia, Dar es Salaam siku hizi ni kiungo tu kinachoelekeza Nairobi, jambo ambalo sitalichochea hapa. Humo utaona kwamba kuna kipindi Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, na kingine kwa saa mbili na dakika 45. Tangi lako halikuwepo wakati huo. Litengenezee msimbo hata hivyo.

Sasa ujumbe. Maji yakipungua, Jahazi litume SMS, na ndugu wakishajua kwamba unaweza kutuma SMS nyingi kwa mkupuo, kamati ya harusi itakutafuta yenyewe. Hutaombwa, utateuliwa. Kazi ni kuwakumbusha wachangiaji 300 ahadi zao, kwa lugha ya upole iliyoandikwa na katibu kwenye kompyuta ya ofisini, ikieleza kwamba ukumbi uko Chang'ombe.

Ujumbe mmoja wa SMS una biti 1,120. Herufi za kawaida za simu hula biti saba kila moja, ndiyo maana zinaingia 160. Katika orodha hiyo ritifaa iliyonyooka imo. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia hujiwekea zenyewe bila kuombwa ili ukurasa upendeze, haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote unahamia mfumo wa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe ukigawanyika, kila kipande kinabaki na 67 kwa kuwa nyingine zinatumika kuunganishia. Kwa hiyo tangazo la herufi 150, ambalo lingekuwa SMS moja, linakuwa tatu kwa sababu ya Chang'ombe. Wachangiaji 300 wanageuka SMS 900. Dawa ni amri moja ya kubadilisha ritifaa zilizopinda ziwe zilizonyooka kabla ya kutuma. Ukishaijua, ifiche. Mwambie mweka hazina kwamba gharama imepanda kutokana na changamoto za miundombinu. Ni msemo anaouelewa na hatauliza zaidi.

Majina na namba za simu vitakuja kwenye Excel. Fungua faili bila kuangalia. Excel itaona 0712 na namba zinazoifuata, itaamua ni hesabu, na kwa kuwa sifuri ya mbele haina thamani katika hesabu itaitupa. Ikiwa kuna safu ya namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, furaha inazidi: zina tarakimu 20, Excel hukumbuka 15 tu, na tano za mwisho zinageuka sifuri kwa kila mtu, wajomba kwa shangazi. Tokeni za LUKU nazo zitapata bahati hiyo. Kanuni ya watu wachoshi ni kwamba kitu usichoweza kukijumlisha wala kukigawanya si namba, ni maandishi, hata kikiwa na tarakimu tupu, na safu yake iwekwe kuwa maandishi kabla data haijaingia. Hakuna aliyewahi kujumlisha namba mbili za simu akapata ya mtu wa tatu.

Kuhusu maktaba za watu wengine sina mengi. Zichukue zote. Machi 2016 mtu aliondoa kwenye npm, hazina ya maktaba za JavaScript, kifurushi kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 ya kuongeza nafasi mwanzoni mwa neno, na programu za makampuni makubwa duniani zikagoma kujengeka, kwa sababu zilitegemea kilichotegemea kilichotegemea hicho. Mistari 11 ungeweza kuiandika chai ikichemka. Lakini mwenye kuandika mwenyewe hana wa kumlaumu.

Chombo cha kuandikia kichague kwa ubishi. Nashauri Vim, hasa ikiwa hujui namna ya kutoka ndani yake. Bonyeza Esc, kisha nukta pacha, q na alama ya mshangao, na usimwambie mtu nilikuambia. Wengi wanaotumia chombo hicho hawasomi ukurasa wake wa kwanza, unaoomba msaada kwa ajili ya watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta yake ya Amiga, alijitolea mwaka 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na tangu hapo aliacha programu yake iwe ya bure akiomba tu kwamba anayeipenda achangie huko. Aliendelea kuitunza hadi alipofariki Agosti 2023. Unaona, kuna watu wamefanya mradi wa kujifurahisha na ukajenga madarasa. Tuendelee na wa kwetu.

Git utaitumia kwa sababu kila mtu anaitumia. Kila ukihifadhi hatua inakuomba ujumbe mfupi wa kueleza ulichobadilisha na kwa nini. Andika "marekebisho", kisha "marekebisho tena", kisha "sasa ndiyo", kisha "ya mwisho", kisha "ya mwisho kabisa". Baada ya miezi sita utataka kujua kwa nini namba 0.017 imo katika hesabu ya maji, na utafurahi kujisomea kwamba sasa ndiyo. Nenosiri la seva liandike ndani ya msimbo, upandishe hadharani, halafu ulifute kwa haraka ukidhani limepotea. Git haisahau, kila hatua ya zamani ipo na wapo wanaozipekua kwa mashine usiku na mchana. Mtu makini angebadilisha nenosiri lenyewe mara moja, kufuta asingehangaika nako.

Umeme utakatika. Raspberry Pi huandika kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika yote. Wazee wa kazi huifanya kadi iwe ya kusomwa tu, kumbukumbu za kila dakika wakaziweka kwenye RAM, na wakafunga betri ndogo ya kuipa mashine muda wa kujizima kwa adabu. Wana pia nakala ya pili mahali pengine, na wamewahi kujaribu kuirejesha waone kama inafunguka. Watu hawa hulala usingizi mzuri na hawana hadithi za kusimulia. Zaidi ya hayo, Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukirudi na intaneti bado haijarudi, mashine inaendelea kutoka muda wa mwisho iliokumbuka, na ripoti ya Jahazi itaonyesha familia nzima ikioga saa nane usiku.

Hatari kubwa kuliko zote ni mtumiaji. Mradi unaweza kuvuka vihisi, LUKU, harusi na mgao wa umeme, ukaja kuuawa na mtu mmoja anayeupenda. Dalili ya kwanza ni shangazi kusema kwamba jana aliangalia simu na namba ilikuwa sahihi. Dalili ya pili ni kuomba kitu: iseme kwa sauti, maana miwani yake iko chumbani. Kitu hicho kinawezekana kwa saa moja ya kazi, na ukikifanya umekwisha. Utakuwa na programu inayotumika, na programu inayotumika hairuhusiwi kulala siku tatu ikiwa imefunguliwa tumbo. Mjibu kwa heshima kwamba ombi limepokelewa, kisha tangaza kwamba Jahazi linaandikwa upya lote kwa lugha ya Rust.

Jirani naye atachungulia juu ya ukuta na kuuliza bei, kwa sababu tangi lake humwagika usiku kucha na bili inamuumiza. Mwambie kwamba bado unapima leseni gani ya programu huria inafaa, kwamba GPL ina masharti yake na MIT ina yake. Atatikisa kichwa kwa adabu. Jumamosi fundi bomba atakuja kwake na floti, lile boya linalopanda na maji na kuizima pampu tangi likijaa, na kabla ya adhuhuri litakuwa limefungwa na fundi ameshalipwa. Hapo vaa viatu, mpelekee salamu, na umwombe ruhusa ya kufunga kihisi kidogo tu, cha kupima kama floti inafanya kazi.